Safari ya Kuyajulia Hali Magitaa

Hapana, Tatu, safari ilikuwepo. Wewe unasema safari ni mpaka gari liwake, watu wapande, vumbi litimke, na kwamba mimi na baba yako hatukufika hata Bigwa, hapo pembeni mwa mji, kwa hiyo ninachokililia ni porojo. Mi nakwambia ile safari ilikuwepo mwaka mzima. Ilikuwa na daftari, ilikuwa na ramani, ilikuwa na orodha ya vyakula na ugomvi wake, ilikuwa na siku ya kuondoka ambayo tuliibadilisha mara nne. Ilikaa ndani ya nyumba ile kama mgeni wa chumba cha uani, kila mtu anajua yupo na kila mtu anampikia. Kitu pekee ambacho hatukufanya ni kuondoka. Na kwa nini hatukuondoka, hilo ndilo ninaloandika hapa, maana miaka minane nilidhani naijua sababu, tena naringa nayo, mpaka siku ya mazishi nilipoambiwa ukweli mbele za watu, na watu wakacheka.

Tatu ni binti wa Mjomba Kondo, binamu yangu, na maneno hayo ya safari kayasema jana jioni tumechuchumaa uani tunasugua masufuria ya arobaini. Kwetu Waluguru mpwa ana haki yake kwa mjomba, kwa hiyo dua ilipokwisha wazee wakanikabidhi mimi sanduku lake la vifaa. Ndani, chini ya randa na patasi, nikalikuta daftari letu. Tatu akaniona nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasoma huku machozi yanadondokea karatasi, akaniuliza nalia nini. Nikamwambia nalilia safari yetu. Akauliza safari ipi. Hakuuliza kwa ubaya, Tatu ndivyo alivyo, anapenda kitu kilichotokea, na mwaka ule yeye alikuwa shule ya bweni, hakuona chochote. Ila nilikasirika, na mimi nikikasirika naandika, ndiyo tabia yangu tangu sekondari.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na hayakuwa matokeo ya kumwonyesha mtu, basi nikaja kukaa kwa mjomba pale Mji Mpya, Morogoro. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na kati ya karakana na chumba changu kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Nilikuwa naamka na msumeno na kulala na harufu ya vanishi, nguo zangu zote mpaka za Idi zilikuwa na vumbi la mbao kwenye mishono. Kazi zangu zilikuwa mbili, kupika cha mchana na kupokea simu za wateja. Mjomba alisema yeye hawezi kushika simu, mikono ina gundi. Mteja akipiga napokea mimi, nasikiliza, naandika kwenye kipande cha mbao kwa penseli ya seremala, "kitanda tano kwa sita, anakitaka Jumamosi", nampelekea, anasoma, anatikisa kichwa, anaendelea kuranda. Nilijiona katibu muhtasi wa ofisi kubwa. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye mikono yake ina gundi saa zote anaweza kushika kikombe cha chai.

Vitanda na makabati ndivyo vilivyotulisha, lakini moyo wa mjomba ulikuwa kwenye magitaa. Alitengeneza mengi maishani mwake. Mengine yalipasuka, mengine yaliibwa, na mwaka ule yalikuwa yamebaki matatu ambayo alijua yako wapi. Hakuyaita magitaa. Aliyaita mabinti, tena mabinti walioolewa. Mkubwa kaolewa Matombo kwa Katekista Paskali, mwalimu wa kwaya pale misheni, na huyo alichongwa kutoka kwenye mvule wa benchi la kanisa lililovunjika. Wa kati yuko Kinole kwa Mwinshehe, mkulima wa machungwa na mdalasini, huyo ni mkangazi mwekundu. Mdogo yuko Ngerengere kwa Afande Luka, mwanajeshi mstaafu, na huyo ni mninga mtupu, mzito kama mtoto aliyelala.

Na wote watatu wana alama ya meno begani. Mjomba akimaliza kuunganisha gitaa, kabla ya vanishi, alikuwa na utaratibu wake. Anafunga nyuzi mbili, anang'ata ukingo wa bega la gitaa, anapiga uzi mmoja kwa kidole gumba, anafumba macho. Anakaa hivyo mpaka mate yanamtoka. Akitosheka anaachia, anafuta kwa mkono wa shati, na pale alipong'ata hapapigi msasa, vanishi inapita juu ya meno yake. Fundi mwenzake pale karakana alikuwa Masanja, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wetu. Nilipokuwa mdogo nikija likizo nilikuwa namsikia Masanja akipita nyuma yake anasema, "Mluguru akikosa nyama anatafuna mkangazi," na mjomba bila kufumbua macho anamjibu kwamba Mnyamwezi hawezi kujua utamu wa mbao, kwao kumejaa miiba. Mwaka ule Masanja alisema hayo hayo na mjomba hakujibu. Masanja akamgusa bega, akapita. Mimi nikadhani wamegombana, tena niliandika kwenye shajara yangu, nina ukurasa wenyewe hapa: "Mjomba na Masanja hawaongei vizuri siku hizi. Wazee nao wana mambo ya kitoto."

Wazo la safari lilianzia kwenye chakula. Nakumbuka ilikuwa ugali na kisamvu cha nazi, na Mama Tatu, mke wa mjomba, alikuwa analalamika kwamba kisamvu nimekitia chumvi mara mbili. Katikati ya lawama zile mjomba akasema anataka likizo. Hatukuwahi kusikia seremala anachukua likizo, anaichukua kwa nani. Akasema atachukua kirikuu, kile kigari chake cha kubebea mbao, aende akawaone mabinti wote watatu kwa mkupuo mmoja, alale usiku mmoja kwa kila mmoja, arudi. Mama Tatu akacheka mpaka akashika kiuno. Watu wakichukua likizo Morogoro, akasema, wanakwenda Mikumi kuona tembo, mume wangu anakwenda kuona magitaa. Mjomba alimtazama usoni mpaka alipomaliza kusema, kisha akajibu taratibu kwamba yeye hakumchonga tembo.

Nikadandia palepale. Nilikuwa sina chuo, sina kazi, sina mchumba, na mtu mzima ananiambia kuna safari ya magitaa. Kesho yake nikanunua kaunta buku la kurasa mia mbili, nikaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa, SAFARI YA KUSIKILIZA MAGITAA. Mjomba akalichukua, akalitazama, akatoa penseli nyuma ya sikio, akakata neno KUSIKILIZA na juu yake akaandika KUYAJULIA HALI. Nikamwambia si ni yale yale. Akasema andika hivyo hivyo. Jalada ninalo mbele yangu sasa hivi, mkato wake umepita sawasawa kama amepiga kwa rula.

Kwa mwezi mzima baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunasukuma sahani pembeni na kufungua daftari. Nilichora ramani, mjini katikati, reli inakwenda Ngerengere, na barabara ya Bigwa inapanda Kiroka, Mkuyuni, inachepuka Kinole, inaendelea Matombo. Mjomba alitia vituo vyake mwenyewe. Hapa kuna mama anauza ndizi za kuchoma, tutasimama. Hapa kuna kivuko, ushuke uangalie maji kabla sijaingiza gari, usiniambie tu "twende". Hapa kuna mti wa mkangazi niliouona nikiwa kijana, nataka kuona kama wameshaukata. Tuliandika vyakula, chapati kumi na mbili, mihogo ya kuchemsha, chai ya tangawizi kwenye chupa, na kwamba Kinole hatubebi tunda lolote maana ni matusi kumpelekea mwenye shamba machungwa. Tuliandika na zawadi, kwa sababu baba haendi kwa binti aliyeolewa mikono mitupu. Kila gitaa lingepata nyuzi mpya seti moja. Mjomba alizinunua kweli, akazifunga moja moja kwenye gazeti, akafungia kwenye kopo la maziwa.

Ugomvi ulikuwa juu ya nani aanze. Mimi nilitaka tuanze Ngerengere, barabara nzuri, tunakwenda tunarudi, halafu ndiyo tupande milimani. Mjomba akakataa. Akasema lazima tuanze kwa mkubwa, Matombo. Nikamwonyesha ramani, nikamwonyesha kwamba Matombo ndiyo mwisho wa barabara, hakuna mtu anaanza safari kwa mwisho.

"Mkubwa akijua nimetangulia kwa mdogo," akasema, "nitamwambia nini?"

"Mjomba, ni gitaa."

Alinitazama mdomoni, halafu machoni, halafu akafunga daftari na kurudi kazini. Siku hiyo niliandika: "Mjomba kanitibua. Anaongea na mbao kuliko watu." Na kwa sababu lazima tuanze Matombo, lazima tungoje barabara ya Matombo. Tarehe ya kwanza ilikufa kwa sababu ya oda ya madawati. Ya pili ikafa kwa masika, mvua ilianza na watu waliotoka huko wakasema magari yanalala njiani. Ya tatu ikaangukia mwezi wa Ramadhani, na mjomba akasema hawezi kwenda ukweni amefunga, watahangaika kumpikia futari. Ya nne, baada ya Idi, giaboksi ya kirikuu ikagoma. Mjomba hakuonekana kuwa na haraka. Mimi ndiye niliyekuwa naungua. Nilikuwa mtu ambaye maji yasipochemka upesi nainua kifuniko kila dakika, na Mama Tatu alikuwa anasema ndiyo maana hayachemki.

Kuna kitu kingine nilikuwa nakisikia mwaka ule nikiwa kitandani kwangu baada ya chakula cha mchana, na lazima nikiandike. Upande wa pili wa mabati, karakana inakuwa imetulia, mashine imezimwa, na badala ya maongezi nasikia kugonga tu. Ko, ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko. Halafu Masanja anacheka, halafu mjomba anacheka, kicheko kile cha mtu mwenye kitu mdomoni. Zamani wale wawili walikuwa wanabishana mpaka alasiri, Simba na Yanga, siasa, wake zao. Sasa ni kugonga mbao tu kama vichaa. Siku moja nilichungulia kwenye tundu la msumari. Mjomba alikuwa amekaa kwenye meza ya kazi, ameing'ata ncha ya ubao mrefu, na Masanja yuko ncha ya pili anagonga kwa vidole. Nikaona wazee wamekosa kazi, nikarudi kulala.

Baada ya giaboksi nikashindwa kuvumilia. Nikachukua namba kutoka kwenye simu ya mjomba, si nilikuwa naishika mimi, nikawapigia wenye magitaa mmoja mmoja. Nikajitambulisha, shikamoo, mimi mpwa wa fundi Kondo, naomba umrekodie gitaa lake kidogo, umtumie kwa simu, ajue linaendeleaje. Mwinshehe wa Kinole alifurahi kama ameposwa yeye. Afande Luka aliniuliza maswali kumi kabla ya kukubali. Katekista Paskali hakuwa na simu ya kurekodi, ilibidi amtafute mwanakwaya mwenye nayo. Nilingoja wiki mbili, na rekodi zote tatu zikafika. Nilijiambia, mwaka mzima mtu mzima anahangaika na barabara, na mimi nimeimaliza milima yote kwa kidole.

Ilikuwa Ijumaa, mjomba katoka msikitini, kanzu bado mwilini, kakaa sebuleni kwenye kiti chake kile kisicho na vanishi ambacho alikuwa anasema atakimalizia kesho. Nilikuwa nimepika wali na samaki, nikamwambia asile kwanza. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwekea simu kwenye kiganja, nikamwonyesha jina la Mwinshehe kwenye kioo, nikabonyeza. Gitaa la Kinole likalia, jembamba, la furaha, nyuma yake jogoo. Mjomba akainua simu mpaka sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Nikalia palepale. Ikafuata ya Ngerengere. Afande Luka alianza kwa kuongea, akasema fundi, binti yako mzima ila shingo imepinda kidogo, niipashe moto au niiache, naomba unijibu, halafu akapiga. Mjomba akatabasamu, akatikisa kichwa, hakusema lolote juu ya shingo. Ikabaki ya Matombo. Nikabonyeza, na bando likawa limekata. Duara linazunguka, linazunguka, hakuna sauti. Nikataka kumwambia subiri, nikainua macho, nikamwona anatikisa kichwa vile vile, amefumba macho, simu sikioni, kimya kabisa chumba kizima isipokuwa nzi kwenye sahani.

Nilicheka moyoni. Nikajiambia, masikini, bado lile la Afande linamlia kichwani. Nikaona ni jambo zuri mno, nikaliacha.

Akafumbua macho. Akasema, "Wote wazima. Ahsante, mama."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Basi mjomba, safari ya nini tena? Ile barabara ya Matombo ya nini tena? Umeshawasikia."

Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza, na akaendelea kuutazama hata baada ya kumaliza.

"Kweli," akasema.

Funguo za kirikuu zilikuwa mezani karibu na daftari. Akazichukua, akainuka, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi, akala samaki wake, akasema nimempika vizuri. Nilichoandika usiku huo sitaki kukinakili chote. Kinaanza, "Leo nimemfanyia mjomba kitu ambacho hakuna mtu amewahi kumfanyia."

Mwaka uliofuata kirikuu kikauzwa. Mimi nikapata kazi kwenye duka la steshenari Msamvu, kupiga chapa barua na kutoa kopi, na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Na mwaka huo huo ndipo kila mtu akajua kwamba Mjomba Kondo hasikii. Mtoto alipiga honi ya baiskeli nyuma yake, akapiga, akapiga, na mjomba hakugeuka mpaka akagongwa. Hospitali wakasema ni mashine za kuranda, miaka yote bila kuziba masikio, hakuna cha kufanya. Tulilia. Na katika kulia kule mimi nilikuwa na faraja yangu peke yangu, niliyoibeba miaka minane kama mtu anayebeba cheti. Niliwahi. Kabla masikio hayajafunga, mimi nilimsikilizisha mabinti zake wote. Nilikuwa nawaambia watu. Nimewaambia wateja dukani. Na safari? Nani ampeleke kiziwi kusikiliza magitaa.

Mjomba kafariki mwaka huu, kifua. Watu walikuwa wamerudi makaburini, pilau linagawiwa chini ya turubai, ndipo Masanja akaingia. Mtani kwenye msiba hana mipaka, hilo kila mtu anajua, anaweza kulala mlangoni, anaweza kumwita marehemu mwizi, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Kavaa aproni ya mjomba, kang'ata ncha ya ubao, anatembea kwa magoti kati ya majamvi anawaonyesha watu wamgongee ncha ya pili. Kila akigongewa anafumba macho na kutikisa kichwa kama mjomba, kama mjomba kabisa, mpaka mabega. Wanawake walicheka machozi yakawatoka. Tatu alicheka. Akaja mpaka kwangu, akanisogezea ubao, akanikonyeza nigonge.

Sikugonga. Niliona anamdhihaki. Nikasema kwa sauti, ili wasikie wote, kwamba mjomba hakufa na hamu, magitaa yake yote matatu aliyasikia kabla masikio hayajafunga, na mimi ndiye niliyempigia, kwenye simu, siku ya Ijumaa, mwaka ule wa madawati.

Masanja akatoa ubao mdomoni.

"Mwaka wa madawati Mluguru huyu alikuwa hamsikii hata muadhini," akasema. "Wewe ulimpigia simu, mpwa. Mimi nilimpigia mbao."

Watu wakacheka, maana kauli ya mtani ni ya kuchekwa. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Halafu nikaingia jikoni, nikashika mwiko, nikakoroga sufuria ambalo lilikuwa tupu.

Nilimfuata Masanja karakana siku ya saba. Alikuwa anaranda mbao kwa mkono, hana utani wowote usoni. Akaniambia taratibu kwamba masikio ya mjomba yalianza kwenda miaka miwili kabla sijaja, na nilipokuja alikuwa anaishi kwa kusoma midomo. Ndiyo maana simu nilipewa mimi. Siku moja Masanja aligonga ubao ambao mjomba alikuwa ameushika kwa meno akipima, na mjomba akaruka, akasema nimekusikia. Kumbe mfupa wa taya ulikuwa bado mzima. Tangu hapo wakawa wanaongea hivyo, mmoja anagonga, mwingine anang'ata. Likizo ile, akasema Masanja, hakuiomba kwa ajili ya masikio, masikio alikuwa ameshayasamehe. Alitaka kwenda kuwang'ata wale mabinti, kila mmoja pale pale begani, mtu ampigie uzi mmoja tu.

"Mbona hakuniambia?" nikamuuliza.

Masanja akapuliza vumbi kwenye ubao. "Alisema ulikuwa umefurahi."

Nikamuuliza na Mama Tatu, yuko ndani kwenye eda, nikakaa miguuni kwake kitandani. Akasema yeye alijua kuna kitu, ila mume ukiishi naye miaka thelathini hakusikilizi, utajuaje sasa kama ni ugonjwa. Akacheka kidogo, halafu akageukia ukutani.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, Tatu. Sio gari lililotuzuia, wala mvua, wala Ramadhani, wala giaboksi. Hivyo vyote vilipita. Miaka minane ilikuwepo, barabara ya Matombo imetengenezwa na kuharibika na kutengenezwa tena, taya lake lilikuwa zima mpaka mwisho, na safari niliifuta mimi, kwa upendo, mkono kwenye goti lake. Nimejaribu kuandika kwamba nilikuwa mdogo. Nimeandika nikafuta. Kumi na tisa sio mdogo wa kushindwa kuona mtu anatikisa kichwa kwenye simu iliyo kimya. Niliona. Nilichagua maana ambayo ilinipendeza.

Tatu kaja sasa hivi kuniambia taa inamaliza umeme bure, akaona nimelimwaga kopo la maziwa kitandani. Lilikuwa ndani ya sanduku lile lile. Vifurushi vitatu vya gazeti, havijafunguliwa, na juu ya kila kimoja penseli ya seremala: Mkubwa. Wa kati. Mdogo. Tatu alikaa, akafungua cha mkubwa, nyuzi zimepata kutu kwenye ncha. Kisha akauliza Katekista Paskali bado yupo. Nikamwambia sijui, namba yake haipatikani, inawezekana hata gitaa halipo, ila kesho naenda. Akauliza sasa nitaanzia wapi. Nikamwambia Matombo. Akasema Ngerengere ni karibu zaidi, na huko angalau watu wanapokea simu. Nikamwambia Matombo, Tatu.

Kaenda kukanda unga wa chapati. Kumi na mbili, nimemwambia, ndivyo ilivyoandikwa.

Kesho asubuhi naondoka na daftari na hivi vifurushi vitatu, na simu naiacha hapa kwa Mama Tatu. Kwenye kivuko nitashuka niangalie maji. Nikifika misheni nitauliza gitaa la mvule, na kama lipo nitamwomba yeyote atakayekuwepo apige uzi mmoja, mmoja tu, asiwe na haraka. Na mimi nitalitafuta bega lake kwa kidole, chini ya vanishi, mpaka nizipate alama za meno za mjomba, niweke meno yangu mle mle, nifumbe macho.